Lilikuwa la Baridi

Mimi ninakata mawe. Watu wakiniuliza kazi yangu huwajibu hivyo hivyo, kisha nasubiri waniangalie mikono, maana ninafurahia wanavyoshangaa kuiona haina sugu. Sugu ninazijua. Nilikuwa nazo kabla sijaota meno ya ukubwani. Siku hizi mawe ninayakata kwa msumeno wa almasi kwenye maabara moja mjini, si mbali na mto Mirongo, ambako watafutaji wa dhahabu huleta sampuli zao tuwaambie wameokota nini. Ninachonga kipande, ninakibandika kwenye kioo, kisha ninakisugua hadi unene wake ubaki sehemu tatu za mia za milimita. Hapo jiwe linapitisha mwanga. Kioo hicho tunakiita slaidi, na slaidi zangu zinajulikana. Wapo wasomi wenye shahada mbili tatu wanaokaa kwenye benchi la nje wakisubiri nimalize, na mimi siharakishwi na mtu. Wanasema nina mdomo mkali. Sibishi.

Aliyenifundisha mawe ni mama yangu. Yeye ni mponda kokoto. Amekaa kwenye mlima ulio nyuma ya mtaa wa Butimba tangu nikiwa mgongoni, na kokoto zake ndizo zilizonisomesha hadi nikajua kuwa jiwe analolipiga linaitwa graniti. Yeye halihitaji jina hilo. Analilowesha jiwe kwenye karai la maji ili mshipa wake ujitokeze, analizungushia mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni, anageuza mara moja au mbili, kisha anapiga. Pigo moja. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinigombeza nikipiga mara tatu.

Ninayoyaeleza sasa yalitokea kiangazi, asubuhi ya saa tano, anga likiwa jeupe bila wingu. Mimi sikuwepo mlimani. Nimeyasikia kwa mama, na baadaye kwa wenzake, na yanalingana.

Upande wa juu wa mlima kuna mkandarasi anayepasua miamba kwa baruti. Kabla ya kulipua, mlinzi wake hupiga filimbi tatu ndefu. Wanawake wa kokoto wakizisikia hugeuzia mlima mgongo, huchuchumaa na kujifunika karai kichwani, na hukaa hivyo mpaka filimbi ya usalama ipigwe. Ni desturi yao ya miaka mingi na imeokoa vichwa. Asubuhi ile ukasikika mshindo mkubwa, ukafuatwa na mwingine, halafu mngurumo uliosafiri kuelekea ziwani. Wanawake wote wakajifunika. Hakuna aliyekumbuka kuwa filimbi haikupigwa, isipokuwa mama, ambaye hubishana hata na radi. Alisimama, akashika kiuno, akatazama juu ili ajue ni nani aliyelipua bila kuwaarifu.

Aliona mstari wa moshi uliokuwa ukitawanyika juu sana. Baadaye kidogo akasikia mvumo unaokaribia, kama kitambaa kinachochanwa, na jiwe likapiga rundo lake la kokoto hatua tatu kutoka aliposimama. Vipande vikamrukia miguuni. Akaenda, akalichimbua, akalishika. Wenzake kumi na mmoja walikuwa bado wamechuchumaa chini ya makarai yao wakisubiri filimbi ya usalama, ambayo isingepigwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelipua kitu. Walikaa hivyo muda mrefu kweli. Mama anapofika hapo kwenye kusimulia huwa anacheka hadi leo.

Alinipigia simu palepale. Nilikuwa katikati ya kusugua slaidi, na mtu akinipigia nikiwa kwenye kusugua huwa simjibu vizuri, awe nani.

"Kuna jiwe limeanguka kutoka juu," akasema.

"Hiyo ni baruti, mama."

"Filimbi haikupigwa."

"Basi wamesahau."

"Limetoka juu. Upande wa baruti uko kushoto kwangu, mimi siujui?"

Nikamuuliza kama lilikuwa la moto. Akasema hapana, lilikuwa la baridi, kama jiwe lililoshinda kivulini. Hapo nikacheka. Nilicheka kicheko cha mtu anayejua, na ninakikumbuka vizuri kuliko nipendavyo. Nikamwambia kimondo ni chuma kitupu, hajasikia habari za kile cha Mbozi tulichofundishwa shuleni? Nikamwambia kingekuwa kimetoka angani sasa hivi kingemchuna ngozi ya mkono. Nikamalizia kuwa hilo ni bonge la mabaki ya chuma kilichoyeyushwa, wachomeleaji wanayatupa kila mahali.

Kisha akasema, "Haya, fundi," akakata simu. Mama hajawahi kuniita fundi, si kabla wala baada ya siku ile.

Zikapita wiki mbili bila mimi kupanda mlima. Kazi zilikuwa nyingi, na ukweli ni kwamba nilijua amenuna na nilitaka aanze yeye. Jumamosi ya wiki ya tatu nikanunua sukari na sabuni, nikaenda.

Nilimkuta amekaa peke yake. Lazima nieleze maana yake. Mama ana mwenzake aliyekuja kutoka Nansio kabla sijazaliwa, ambaye mimi namwita mama mdogo, na tangu nipate akili marundo yao yalikuwa jirani kiasi kwamba vipande vilichanganyika, wakawa wanagombania kokoto kwa utani kutwa nzima. Sasa rundo la mama mdogo lilikuwa ng'ambo ya njia, pamoja na ya wengine wote. Upande huu alikuwa mama, karai lake, gunia lake la kukalia, na uwanja mtupu ambao hakuna aliyetaka kuukalia.

"Kumetokea nini, mama?"

"Waulize," akasema, na akaendelea kuponda.

Nikavuka njia. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba." Hakuinua macho. Alipiga jiwe lake mara mbili ndipo akasema, polepole, kama mtu aliyejitayarisha. "Mwanangu, jiwe la angani linawaka moto, kila mtu anajua. La mama yako lilikuwa la baridi, kasema mwenyewe. Baruti haikupigwa siku ile, tumekwenda kuuliza. Sasa jiwe la baridi linalomfuata mtu mmoja kati ya watu kumi na wawili linatoka wapi? Mimi simsemi vibaya. Ila nina wajukuu pale nyumbani."

Nilielewa. Kwetu huku, mwanamke mwenye mvi anayeishi peke yake akianza kusemwa kwa minong'ono ya uchawi namna hiyo, si jambo la kucheka. Wengine husema katupiwa na mkono wa mtu, na wiki inayofuata husema mkono ni wake mwenyewe. Niliogopa, na ninasema wazi kuwa niliogopa.

"Na hata wewe ulikataa," mama mdogo akaongeza. "Alituambia siku ileile, subirini, mwanangu wa maabara atawaelezeni. Kesho yake tukamuuliza, mwanao kasemaje? Akatuambia, anasema ni mabaki ya chuma. Sasa kama mtoto wake mwenyewe, msomi wa mawe, anasema mama yake anadanganya, sisi ni nani?"

Mama angeweza kuwaambia chochote. Angeweza kusema sijamjibu, au kwamba niko safarini. Aliwaambia nilichosema, neno kwa neno, ingawa kilimmaliza.

Nikarudi upande wake nikamwomba jiwe. Alilitoa kwenye pindo la kitenge, si kwa haraka. Lilikuwa na ukubwa wa embe, zito kuliko lilivyoonekana, limefunikwa na gamba jeusi jembamba kama ukoko wa wali. Sehemu moja lilikuwa na madoa ya kutu. Pembeni lilikuwa na uso uliovunjwa, ulionyooka kana kwamba umekatwa na mashine yangu.

"Nililiweka majini nione mshipa," akasema. "Likaanza kushika kutu. Nikalitoa, nikalipiga mara moja kando nione ndani. Sikuona mshipa. Lina vitu sivijui."

Huwa natembea na lenzi ndogo shingoni, kama wengine wanavyotembea na msalaba. Nikaiweka jichoni. Ndani jiwe lilikuwa la kijivu, limetapakaa chembe za chuma zinazong'aa, na katikati ya kijivu hicho kulikuwa na vitone vya mviringo, vidogo kama mbegu za mchicha, vingi, vimejipanga ovyo. Nimekata mawe ya Geita, ya Shinyanga, ya Musoma na ya visiwani. Nimepitisha mikononi maelfu. Vitone vya namna ile sikuwahi kuviona kwenye jiwe lolote la nchi hii. Nilivijua kwa picha za kitabuni tu. Nikakaa juu ya kokoto.

"Mama, hili si la hapa."

"Mimi nilikuambia nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja, na sikulisema. Badala yake nikaanza kumweleza kwamba vimondo viko vya aina nyingi, kwamba cha Mbozi ni cha chuma lakini vingi vinavyoanguka ni vya mawe, kwamba vitone vile viliganda angani kabla dunia haijawa dunia. Niliongea sana. Alinisikiliza huku akiponda.

Nikataka kuondoka nalo, akalirudisha kwenye pindo. "Halitoki hapa," akasema, "mpaka aje mtu wa kuuliza, aulizie hapa hapa, na hawa wakimwona." Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa njia.

Nikampigia mhadhiri mmoja wa chuo kikuu ambaye mimi ninamtengenezea slaidi, mtu wa maneno machache ambaye akisifia kazi yako unaweza kuhesabu maneno kwa mkono mmoja. Nilimtumia picha. Hazikupita dakika kumi akapiga. "Lisiguswe na maji tena," akasema. "Na lisiguswe na sumaku. Jiwe kama hilo huwa limebeba kumbukumbu ya sumaku ya zamani sana, na ukilipitishia sumaku ya mkononi unaifuta." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku mfukoni nina sumaku ya spika ya redio ambayo nilikuwa nimeshalipitishia pande zote. Ndiyo uzoefu wa miaka ishirini huo. Nilikiri kwake baadaye, na alinitazama vile ninavyowatazama wanaoniharibia sampuli.

Jioni ya kuamkia siku ya kuja kwake nilikwenda kwa mama tule pamoja. Nilikuwa na lengo.

"Kesho akikuuliza, usiseme lilikuwa la baridi," nikamwambia. "Sema lilikuwa la uvuguvugu."

"Uvuguvugu ndiyo nini?"

"Moto kidogo."

"Halikuwa na moto kidogo."

"Mama, huyu ni mtaalamu, anatoka mbali. Ukisema la baridi atadhani kama walivyodhani hawa, atapanda ndege arudi zake."

Akanawa mikono, akakata tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa sato. "Niliokota mimi au uliokota wewe?" akauliza. Halafu hatukuongea tena habari hiyo, na mimi sikupata usingizi mzuri.

Mhadhiri alikuja asubuhi. Jambo la kwanza alimpa mama shikamoo, akiwa ameinama kweli, na nikaona bega la mama likishuka kidogo. Alikataa kiti nilichokuwa nimeazima, akakaa juu ya gunia. Aliuliza mambo ambayo mimi, mwanawe, sikuwa nimeyauliza. Alikuwa amesimama wapi hasa. Mshindo ulisikika mara ngapi. Kati ya mshindo na jiwe kuanguka angeweza kuponda mawe mangapi. Mama akafikiri, akasema kama kumi na tano, yale madogo. Mhadhiri akamwomba aponde kumi na tano huku yeye akitazama saa, naye akaponda. Ng'ambo ya njia nyundo zilinyamaza moja moja. Mmoja akaja kuchota maji ambayo hakuyahitaji, akafuatwa na mwingine, na mwishowe wote walikuwa wamesimama karibu, mama mdogo nyuma kabisa.

"Na ulipoliokota, mama, lilikuwaje mkononi?"

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Lilikuwa la baridi," akasema.

Kalamu ya mhadhiri ikasimama. Nilijua yamekwisha, na katika kujua huko niliona fahari ambayo sikuitarajia: mama yangu alikuwa amezungukwa na watu waliomtenga kwa sababu ya neno lile, alikuwa ameshauriwa na mwanawe alibadilishe, na hakulibadilisha.

"Watu wengi wanaoniletea mawe," mhadhiri akasema, "huniambia lilikuwa linawaka, liliunguza majani, lilitoa moshi. Mara nyingi mawe yao nayakuta ya kawaida tu." Akageuka kidogo ili wale waliosimama wasikie. "Jiwe hili limekaa huko juu kwenye baridi miaka isiyosemeka. Likiingia kwenye hewa yetu kwa kasi linaungua ngozi tu, kwa sekunde chache. Ndani joto halifiki. Kasi ikiisha, moto unazimika likiwa bado juu sana, halafu linaanguka kama jiwe lolote lile, kupitia hewa ya baridi, dakika nzima na zaidi. Anayeniambia liliwaka, huyo ameambiwa na watu. Anayeniambia lilikuwa la baridi, huyo amelishika."

Nilitaka kupiga kigelegele.

Aliuliza pia habari za kutu, na mama akamwambia alililowesha karaini, kama wanavyolowesha mawe yote. Mhadhiri akasema maji yameliumiza kidogo, lakini ni vizuri amesema, kwa kuwa kutu ile ingeweza kuwadanganya kuwa jiwe limelala ardhini miaka. Halafu akageuza ule uso uliovunjwa, akauliza ni nani aliyelivunja na kwa kifaa gani. Mama akanyanyua nyundo yake. Yule bwana akaangalia uso wa jiwe, akaangalia nyundo, akasema wengine wakivunja humletea unga.

Ndipo mama mdogo akasema kutoka nyuma. "Samahani, baba. Sawa, ni la angani. Lakini unajuaje lilianguka siku ile? Labda lilikuwepo hapa zamani, yeye akaliokota akatunga."

Nilitaka kumrukia. Mhadhiri alikubali kwa kichwa. "Hilo ni swali," akasema. "Sijui bado. Linapimika, lakini si hapa."

Mama akampa jiwe bila kusita. Aliulizwa kama angependa kubaki na kipande, akasema, "Mawe ninayo." Lilipimwa uzito, likapigwa picha pande sita, likafungwa kwenye karatasi ya alumini, na kila kitu kikaandikwa mbele ya macho yake.

Kipande cha kuchunguza niliomba nikikate mimi, na nilipewa. Sehemu kubwa ilikwenda kuhifadhiwa chuoni, na sehemu nyingine, baada ya vibali, ikapelekwa nje ya nchi kwenye maabara iliyochimbwa chini ya mlima, wanakopima mionzi hafifu mno. Mhadhiri alinieleza kuwa jiwe likiwa angani hupigwa na miale, na miale hiyo huzalisha ndani yake mionzi ya aina nyingi, mingine ikifa ndani ya siku au miezi. Jiwe likishaanguka, hakuna mipya inayozaliwa. Ukipima iliyobaki unajua jiwe limeachana na anga lini. Ndiyo maana kulikuwa na haraka.

Kukata kwangu kulichukua siku tatu. Jiwe la kawaida ninalikata kwa maji, lakini hili nililikata kwa spiriti, kwa mkono, bila kupumua sana. Nilipofika kwenye kusugua kwa mwisho niliwafukuza wote chumbani. Ukipitiliza hata kidogo kila kitu kinakwenda na matope, na sikuwa na jiwe la pili. Nilipoiweka slaidi chini ya hadubini na kugeuza mwanga, kijivu chote kiliondoka. Kilibaki kiwanja cha rangi, buluu, waridi, njano ya ndizi mbivu, na vitone vile vya mviringo vimekaa kila kimoja na mistari yake. Vina umri wa miaka bilioni nne na nusu na zaidi. Nimetengeneza slaidi nyingi nzuri. Ile ni bora kuliko zote, na sioni haya kusema hivyo.

Nikamleta mama maabara. Alikuwa hajawahi kuingia kazini kwangu. Aliweka jicho kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, mkono mmoja ukishikilia meza.

"Kumbe huko nako kuna kokoto," akasema.

Lakini mlimani hakuna kilichobadilika. Walimsalimia, ndiyo, na waliacha kunong'ona waziwazi, ila hakuna aliyevuka njia. Swali la mama mdogo lilikuwa limekaa katikati ya uwanja ule mtupu. Masika ikaja ikapita. Mama aliponda peke yake miezi yote hiyo, akaenda kanisani akakaa benchi lake, na hakumbembeleza mtu.

Ripoti ilikuja kwa barua pepe siku ya kazi. Nilisoma ukurasa wa kwanza nimesimama, nikavua koti la maabara, nikaomba ruhusa. Sikupewa vizuri, lakini nilikuwa nimeshaondoka. Nilipofika mlimani jua lilikuwa kali na wote walikuwepo, upande ule kumi na mmoja, upande huu mmoja. Nikasimama katikati ya njia na karatasi yangu.

Niliwaita. Niliwasomea kwa Kiswahili chepesi, nikiruka hesabu. Kwamba jiwe ni kimondo cha mawe. Kwamba kimeingizwa kwenye orodha ya vimondo vya dunia kwa jina la mahali kilipoangukia, kama ilivyo desturi. Kwamba aliyekiona kikianguka na kukiokota ni fulani, na hapo nikasoma jina la mama yangu, majina yote matatu. Kisha nikasoma aya ya mionzi: ile ya muda mfupi kabisa ilikutwa bado imo, na kwa kiasi chake jiwe lilitoka angani ndani ya siku zilezile alizotaja aliyeliokota.

"Maana yake?" mama mdogo akauliza.

"Maana yake lilianguka asubuhi ile. Kama alivyosema."

Nyundo zote zilikuwa chini. Mama hakuwa amesimama. Alipangusa vumbi mikononi kwa kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza nani kachukua karai.

"Nani alisema halikuanguka?"

Walitazamana, wakatazama miguu yao. Wangeweza kunyamaza hivyo mpaka jioni, na mama angewaacha, na kesho yake kila mtu angekaa alipokuwa amekaa. Nilikuwa nimeshika ripoti yenye jina lake, na jasho langu lilikuwa limeilowesha pembeni.

"Mimi, mama," nikasema. "Mimi nilikuwa wa kwanza. Nisamehe."

Mama mdogo akashusha pumzi. "Na mimi, dada," akasema. Na mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka ikawa ni kama mahudhurio ya darasani.

Mama alitusikiliza wote mpaka wa mwisho. Kisha akaliburuta gunia lake kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Haya, kaa," akamwambia mama mdogo. "Na usiniibie kokoto zangu."